Chumvi Isiyopimwa

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula, Chiriku aliketi kwenye kigoda mbele ya tangi la kioo lililokuwa sebuleni. Jina hilo la utani alipewa na baba yake, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mbele ya tangi lile yeye ndiye aliyekuwa macho ya baba.

Baba alikuwa fundi saa. Kwa miaka ishirini alifungua na kufunga skrubu ndogo kuliko chembe za mchanga, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, jicho moja kisha la pili. Duka likafungwa. Kilichobaki ni tangi la maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na matumbawe kumi na moja aliyoyakuza kutoka vipande vidogo kama kucha.

Wageni walidhani matumbawe ni mawe tu. Baba hakuchoka kuwasahihisha. "Hao ni wanyama," alisema. "Maelfu ya vinyama vidogo vimejenga nyumba moja. Vinakula, vinaugua, vinakufa."

"Tena vinakula kwa wakati kuliko mimi," mama alimtania, akiwa amerudi amechoka kutoka kazini.

Kazi ya Chiriku ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza alisoma joto la maji. Kisha alipima chumvi kwa kifaa kilichofanana na darubini fupi: alidondosha matone mawili juu ya kioo chake, akachungulia kuelekea dirishani na kusoma namba. Ilitakiwa iwe thelathini na tano. Mwisho aliongeza maji yaliyopungua, akaandika vipimo kwenye daftari na kumsomea baba.

"Maji yakikauka, chumvi haiendi nayo," baba alimfundisha. "Inabaki. Kwa hiyo kila siku tunaongeza maji matupu, ya dumu la buluu. Dumu jeupe lina maji ya chumvi. Hilo ni la Jumamosi tu, tunapobadilisha maji."

Chiriku alielewa vizuri. Lakini siku moja wenzake walikuwa wanaruka kamba uani na kumwita kwa zamu. Kupima chumvi, kuosha kifaa na kukikausha kulichukua dakika kumi. Jana ilikuwa thelathini na tano, akawaza, na leo haiwezi kuwa tofauti. Akaandika 35 na kutoka mbio.

Siku iliyofuata dumu la buluu lilikuwa tupu, na chujio la jikoni, la kulijazia, lilidondosha maji kwa uvivu. Akachota kwenye dumu jeupe. Maji ni maji, alijisemea. Hakuna aliyemwona. Uongo wa kwanza ulimsumbua mpaka usiku, wa pili ukamsumbua kidogo tu, na kufikia wiki ya pili aliandika 35 hata kabla hajaketi. Dumu la buluu halikujazwa tena.

Wiki ya tatu matumbawe yalianza kujikunja. Vinyama vilivyokuwa vikinyoosha mikono yao midogo viliirudisha ndani, na rangi ya zambarau ikafifia kama nguo iliyoachwa juani. Chiriku alimweleza baba yote aliyoyaona, na hapo hakudanganya.

"Kabla hatujautaja ugonjwa, tuyaulize maji," baba alisema. "Joto?"

"Ishirini na sita."

"Chumvi?"

Chiriku alilitazama daftari. "Thelathini na tano."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima, baba."

"Basi maji hayana kosa. Itakuwa taa." Taa mpya ya tangi ilikuwa imefungwa mwezi uliopita, nayo ilikuwa kali. Wakapunguza saa za kuiwasha na kusubiri siku nne.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Tumbawe kubwa, lenye mikunjo kama ubongo, lilianza kumenyeka nyama kutoka chini. Mifupa myeupe ikaonekana. Lilikuwa kongwe kuliko yote; baba alilipata mwaka aliozaliwa Chiriku.

"Linamenyeka kama ngozi iliyoungua?" baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Na chumvi bado ni thelathini na tano?"

"Ndiyo."

"Basi ni ugonjwa wa kuambukiza. Litoe, kabla halijawaua wenzake."

"Lakini katikati bado lina rangi, baba."

"Nimesikia. Litoe."

Chiriku alilitoa kwa mikono miwili na kuliweka kwenye sinia. Baba akaomba alishike. Alipitisha kidole gumba juu ya mikunjo yake, taratibu, kama mtu anayesoma. Lilikauka pale pale juu ya meza, na jioni mama akalitupa.

Ndani ya siku chache yakafa mengine sita. Samaki mmoja akakutwa amelala ubavu chini ya pampu.

Jumapili adhuhuri Chiriku alikuwa akiosha vyombo jikoni aliposikia baba akizungumza na mama sebuleni.

"Mpigie yule jamaa wa duka la samaki aje achukue yaliyobaki. Nimeshindwa."

"Usiseme hivyo, baba Chiriku."

"Niseme nini? Kila kipimo ni sawa, na kila kiumbe kinakufa. Nilidhani macho yamekwenda lakini akili imebaki. Kumbe vyote vimekwenda pamoja."

Chiriku aliweka sahani chini. Akaenda sebuleni bila kumtazama mtu, akakitoa kipima chumvi kwenye kisanduku chake na kudondosha matone mawili. Akachungulia. Akakiosha, akapima tena.

"Baba," alisema, "ni arobaini na tatu."

Kisha akaeleza yote: kamba, dumu jeupe, namba alizoziandika bila kupima.

"Tangu lini?" baba aliuliza.

"Karibu mwezi."

"Kwa hiyo siku ile nilipokuambia ulitoe lile kubwa, ulijua kwamba hukupima?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba baba haoni. "Nilijua," alisema.

Baba aliinuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani, akafunga mlango. Mama hakumgombeza. Alimwambia amalizie vyombo tu, na hilo lilimuuma zaidi.

Asubuhi yake baba alimwita kabla ya shule. "Leta ndoo. Toa lita tatu, tia lita tatu za maji matupu. Basi."

"Tusiishushe chumvi yote leo?"

"Matumbawe yameshaanza kuizoea. Ukiiondoa kwa pupa, utayaua mara ya pili. Kidogo kidogo, wiki nzima."

Kila siku walitoa na kutia. Kila siku Chiriku alipima na kutaja namba, na kila mara baba aliuliza, "Mama, unasemaje?" Mama alichungulia kwenye kifaa kile kile na kurudia namba ile ile. Chiriku alisimama kando akitazama sakafu.

Chumvi ilirudi mahali pake. Matumbawe manne yalipona, na baada ya majuma kadhaa moja likafungua mikono yake. Chiriku alipomweleza, baba aliegemeza sikio kwenye kioo, ingawa hakukuwa na cha kusikia.

"Keti," alimwambia. "Sikukasirika kwa sababu ulichoka. Kila mtu huchoka. Ungeniambia, 'Leo sikupima,' ningejua pa kutafutia. Hata ungeacha nafasi tupu kwenye daftari, ningeuliza. Lakini namba ya uongo ilinipofusha mara ya pili, nami nikaua kilicho hai kwa kuamini neno lako. Anayetegemea neno lako huenda pale linapompeleka. Likumbuke hilo popote utakapofanya kazi."

"Nitakumbuka, baba. Kuanzia kesho naweza kupima peke yangu?"

Baba alifikiri. "Bado," alisema. "Mama ataendelea kuchungulia mpaka muhula uishe. Baada ya hapo utaniuliza tena."