Mtu Tuliyemleta Kutoka Kwenye Bustani ya Michezo

Nina miaka thelathini na nne. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mume wangu, Wilondja, ni fundi wa mota za mitumbwi, na Mungu ametujalia watoto wawili. Ukitupita barabarani utasema hawa watu wametulia. Lakini nyumbani kwetu kuna jambo ambalo halijatoka mpaka leo, na ajabu yake ni kwamba lilianzia mahali pa furaha.

Tulifunga ndoa wiki ambayo risasi zilikuwa zinasikika milimani upande wa Fizi. Wageni walikula harakaharaka wakaondoka. Fungate hatukuona. Wilondja aliniahidi kwamba siku moja tutakwenda sisi wawili tu, bila mtoto wala mzigo, tukafurahi kama watu wengine.

Miaka ikapita... Mtoto wa kwanza, Neema, akazaliwa, kisha mdogo wake. Siku moja Wilondja akanionyesha kwenye simu bustani ya michezo iliyoko Bujumbura, kando ya ziwa. Kulikuwa na treni ndogo, magari ya kugongana, na gurudumu kubwa la viti ambalo huwapandisha watu juu kuliko paa za nyumba. Akasema, "Mama Neema, fungate yetu iko huku."

Hapo ndipo tabia zetu mbili zilipogongana. Mimi ni mtu wa kupanga. Somo la kesho naliandaa leo, na chumvi nainunua kabla haijaisha. Nilipanga basi, nyumba ya wageni, siku ya bustani, siku ya soko, hata chakula cha kila mchana. Wilondja ni kinyume changu kabisa. Kwake safari ni kuondoka tu, mengine mtayaona mbele. Tulibishana wiki nzima mpaka mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Koko, akachoka na sisi.

"Mugawe siku," alituambia. "Asubui ya mwanamuke, mangaribi ya mwanaume. Munanichokesha."

Basi tukakubaliana hivyo. Asubuhi tungefuata mpango wangu, na baada ya chakula cha mchana tungefuata moyo wake. Watoto tukamwachia Koko.

Njiani, tulipopita Swima, Wilondja alikuwa anacheka na abiria wote. Tulipokaribia Makobola akanyamaza. Nilimwacha, kwa sababu nilikuwa najua. Wakati wa vita vya utoto wetu, familia yao ilikimbia kwa njia ile. Kaka yake mkubwa, Asukulu, alikuwa amemshika mkono. Watu waliposukumana mikono ikaachana... Asukulu hakuonekana tena. Hata mwili wake haukuonekana. Koko hakufanya matanga, na katika nyumba yao jina lile halikutajwa. Je, ningeanzaje mimi, mtoto wa watu, kuuliza?

Siku ya kwanza Bujumbura ilikuwa tamu. Asubuhi tulifuata mpango wangu, tukaona yote niliyotaka kuona. Mchana Wilondja akanivuta huku na huku, tukala samaki mahali nisipopajua, tukapotea njia, tukarudi miguu ikituuma na mbavu zikituuma kwa kicheko. Nilijiambia, kumbe inawezekana! Nusu yangu na nusu yake, na hakuna aliyepoteza.

Siku ya pili, mchana, saa zake, alitaka kupanda gurudumu. Mimi niliogopa, lakini makubaliano ni makubaliano. Tukapanda. Tulipofika juu kabisa gurudumu likasimama ili wengine wapande chini. Ng'ambo ya ziwa tuliona milima ya kwetu, ile ya Uvira. Nikamwegemea mume wangu. Nikahisi mwili wake umekuwa mgumu kama ubao.

Alikuwa anatazama chini. Kulikuwa na mwanamume anayebeba viti vya plastiki, anatembea ameinamisha bega moja, kichwa kimeelekea upande.

"Ule ni Asukulu," Wilondja alisema.

Nikamwambia atulie. Akarudia jina lile kwa sauti ya mtoto, kisha akashika chuma kinachozuia watu wasianguke, akaanza kukifungua. Nilimkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Watu wa chini walikuwa wanapiga kelele. Gurudumu likaendelea polepole, kiti kwa kiti, na mimi nikiwa nimemshikilia mume wangu anayelia. Tulipofika chini, yule mtu hakuwepo.

Kuanzia hapo hapakuwa tena na asubuhi yangu wala jioni yake. Tulizunguka kila upande. Tuliuliza walinzi, wauza mahindi, watu wa mitumbwi. Siku ya kurudi ilipofika nilimkumbusha kwamba watoto wanatungoja na shule inafunguliwa. Alinijibu kwa upole, "We enda. Mi nitakuja naye."

Nikarudi peke yangu kutoka kwenye fungate yangu. Mnaweza kuwaza aibu hiyo? Majirani waliuliza mume yuko wapi, nikasema ana kazi. Koko peke yake nilimweleza ukweli. Alikaa chini, akaanza kuchambua mboga za lengalenga ambazo alikuwa amekwisha kuzichambua.

Wiki kadhaa zilipita. Kisha mchana mmoja Wilondja akashuka kwenye boti, amekonda, anang'aa. Nyuma yake alikuwepo yule mtu mwenye bega lililoinama.

"Mama," alimwambia Koko, "nimemuleta."

Koko alisimama mbele ya yule mgeni. Akamtazama usoni, akamshika mikono, akamwambia, "Karibu, mwanangu." Kisha akamchotea maji ya kuoga na kumpa shati la Wilondja. Uani palijaa watu. Bamama wa kanisa waliimba. Mimi nililia pamoja nao... nililia kwa furaha kabisa!

Kesho yake tukiwa jikoni, Koko aliniambia bila kuinua macho, "Asukulu alichomwa na uji wa moto mugongoni, angali mutoto mudogo. Jana uyu alivua shati kwa kuoga. Mugongo wake iko safi."

"Unasema nini, Koko?"

"Nasema uyu haiko mutoto wangu. Lakini angalia Wilondja anavyolala sasa. Usimuambie."

Sikumwambia. Ni kweli, mume wangu alikuwa amepona ugonjwa ambao sikujua kama anao. Zamani alikuwa anagutuka usingizini, sasa analala kama mtoto aliyeshiba. Kazini alikuwa anapiga miluzi. Yule mtu alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Alijifunza mota haraka. Watoto walimpenda, wakamwita Baba Mukubwa. Sisi tukamwita Asukulu, na yeye akaitika. Kila alipoitika niligeuka kutazama mlango. Usiniulize kwa nini. Ilikuwa kama kuna mtu mwingine mlangoni anayeitwa pia, na hawezi kuingia.

Karibu mwaka mzima tuliishi hivyo.

Asubuhi moja Wilondja aliamka na homa kali. Kulikuwa na mota ya kupeleka kwa mteja Kazimia. Alitaka kwenda hivyo hivyo, akitetemeka, lakini yule mtu akamzuia. Nilimsikia anasema, "Lala, ndugu yangu. Mi nitaenda."

Mimi nilikuwa mezani naandaa masomo kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja shuleni. Kichwa changu kilikuwa kimejaa mkaguzi tu. Yule mtu akaja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, niko na neno moja," alisema. "Ni juu ya jina langu."

Nilijua. Wasomaji wenzangu, nilijua mara moja anataka kusema nini, na niliogopa. Tena nilikuwa na haraka. Nikamjibu kama ninavyowajibu wazazi wa wanafunzi, "Leo siwezi. Jumapili, baada ya ibada, tutakaa vizuri."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya, shemeji. Jumapili." Akaenda.

Aliifikisha mota Kazimia salama. Wakati wa kurudi upepo uliwakuta, yeye na abiria wenzake, katikati ya ziwa, mtumbwi ukajaa maji, ukapinduka. Wenzake walishika madumu wakaokolewa. Walituambia yeye alimsukumia dumu lake mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mama yule na mtoto wake wako hai hadi leo. Yeye alipatikana siku iliyofuata. Simu yake ilibaki ziwani, na kitambulisho hakuwahi kuwa nacho.

Baraka nzima ilikuja kwetu. Koko alilia kilio ambacho hakuwahi kulia miaka yote ile, hata sikujua anamlilia nani kati ya wawili. Seremala aliyekuwa anatengeneza msalaba akaja uani kuuliza aandike jina gani.

Nilimtazama Koko. Koko akamtazama Wilondja. Na Wilondja, macho mekundu kwa homa na machozi, akasema taratibu, "Haiko Asukulu. Nilijua."

Nilidhani anaweweseka. Lakini aliendelea, akatusimulia alivyompata hatimaye kule Bujumbura, sokoni. Alimshika bega kwa nyuma, yule mtu akageuka, na saa ile ile akaona si yeye. Uso haukufanana hata kidogo. Lakini mikono yake ilikataa kuachia. Yule mtu alimwambia mara nyingi kwamba amekosea. Akamweleza kwamba yeye pia alipotezana na watu wake wakati wa vita, akakulia kambini. Mwishowe alimhurumia, akakubali kuja naye.

"Jina lake ni nani, basi?" nilimuuliza.

Wilondja akafunika uso. "Aliniambia siku ile. Mi nilikuwa nalia... sikusikia. Kisha nikaogopa kumuuliza tena."

Ndipo tulipoelewa tulichokifanya. Watu wazima watatu, tulikaa naye nyumba moja, tulikula naye sahani moja, sote tulijua kwamba hakuwa Asukulu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye ni nani. Mimi ndiye niliyepewa nafasi ya mwisho, na nikampangia Jumapili.

Msalaba uliandikwa Asukulu. Tungeandika nini kingine?

Wilondja alipopata nguvu alirudi Bujumbura, akaenda bustanini na sokoni kuuliza. Kule walimfahamu kwa jina la Mkongo tu, mtu wa vibarua. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Alirudi mikono mitupu, na usingizi wake mbaya ukarudi naye. Sasa anagutuka na kuuliza, "Alisema nani? Alisema nani?" Mimi namshika mkono hadi anyamaze. Koko amezeeka ghafla. Kila boti inapoleta wageni huwaangalia wanawake wa rika lake usoni, mmoja mmoja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Iko na mama yake pahali fulani. Mi najua vile anangoja."

Wapendwa, hatukuachana, mimi na mume wangu. Tumejifunza kukaa na kutajiana wafu wetu kwa majina, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kufunga mizigo ya safari ile. Nawaomba mlio na ndoa, kama mnakwenda kufurahi mahali, pangeni nauli na malazi, lakini kwanza ulizaneni kila mmoja anabeba nini moyoni. Kisha acheni nafasi, maana lisilopangwa litakuja, na linapokuja lina uso wa mtu. Moyo ukikusukuma ghafla, ufuate, lakini simama mahali umwangalie huyo uliyemshika mkono kama ndiye kweli. Na wewe unayependa mpango kama mimi, mtu akisimama mlangoni pako na neno, weka kalamu chini.

Na kama uko upande wowote wa ziwa hili, na katika vita vya zamani ulimpoteza mtoto wa kiume, ambaye sasa angekuwa mtu mzima mpole, anayetembea bega moja limeinama na kichwa upande... njoo Baraka, uulize nyumba ya Wilondja, fundi wa mota. Njoo utuambie alikuwa anaitwa nani.