Jibu Lililobaki Juu ya Barafu

Jumamosi ile soko la nyama la Nuuk, mji wa nchi ya barafu, lilifurika watu, maana boti zilikuwa zimerudi na sili wabichi, wanyama wanono wa bahari ya baridi. Navarana alisimama kwenye foleni amevaa koti lake jekundu la baridi lililopauka. Uso wote ulikuwa umeungua kwa jua la theluji, isipokuwa maduara mawili meupe ya miwani.

"Haya, bundi," akasema muuzaji, kijana mrefu mwenye aproni ya plastiki. "Nikupe nini? Panya?"

Watu wakacheka. Navarana naye akacheka, ingawa alikuwa hoi.

"Nipe mbavu za sili. Na ulimi wako, kama unauzwa."

"Huo natoa bure."

"Mchukue tu, mwanangu," akadakia Mama Benedikte, muuza samaki wakavu wa meza ya pili. "Anatuchosha hapa!"

Kijana huyo aliitwa Inuteq. Aliposikia kwamba Navarana ni mtaalamu wa theluji, kisu kilisimama.

"Wewe ndiye uliyekuja kwetu kaskazini kutuambia kuwa barafu ya bahari haitatubeba tena?"

"Ndiyo mimi."

"Niligawa mbwa wangu wote wa kuvuta sleji kwa ajili yako."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mwaka uliofuata ilipasuka pale pale nilipozoea kupita." Akatia mbavu mbili zaidi kwenye mfuko.

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa mbavu mbili. Majira yote ya baridi Inuteq alimpelekea supu ofisini ndani ya chupa ya chai, kwa sababu alijua Navarana akianza kuandika husahau kula. Mama yake Inuteq, aliyekuwa anaishi naye mjini, alimshonea glavu za ngozi ya sili, ingawa vidole vyake vilikuwa vinamuuma.

Mwezi wa Mei Navarana akapanda tena kwenye barafu kuu iliyofunika nchi kavu, yeye na wenzake wanne. Kazi yao ilikuwa kuchimba shimo refu kupita kimo cha mtu na kusoma matabaka ya theluji, mwaka juu ya mwaka. Simu ya setilaiti ilikuwa moja, na kila mtu alipewa dakika kumi kila Jumapili.

Jumapili ya tatu Inuteq hakutania.

"Mpenzi, unanisikia?"

"Nakusikia. Ni upepo tu unapiga hema."

"Miguu ya mama imekataa kabisa. Peke yangu simwezi. Dada yangu anataka nimpeleke kwake Denmark. Lakini ukinikubali, tutabaki hapa, tumtunze sisi wawili. Tuoane, bundi wangu?"

Kwa furaha Navarana akainua nyusi. Kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana, na kwa mtu umpendaye huhitaji kuongeza neno.

"Navarana? Nimekuuliza."

Akaziinua tena, machozi yakimtiririka mashavuni.

"Haya," akasema Inuteq kwa sauti ndogo. Dakika zikaisha, simu ikakatika.

"Ninaolewa!" Navarana akawaambia wenzake. Torben, kiongozi wao, akafungua kopo la mwisho la matunda alilokuwa analificha, akampa lote.

Jumapili zilizofuata simu ya Inuteq haikupatikana. Atakuwa baharini, Navarana akajiambia. Mwezi wa Julai mvua ikanyesha juu kabisa ya barafu, mahali ambapo hata wazee hawakuwahi kuisikia. Theluji ikawa uji, kisha ikaganda kama kioo, na matabaka yakaharibika. Navarana akalia ndani ya shimo lake, akajifuta. Angalau mimi nina mtu nyumbani, akawaza.

Agosti aliposhuka, alivaa mkufu wake wa shanga akaenda sokoni moja kwa moja. Mezani pa Inuteq alikuwapo mtu mwingine.

"Mama Benedikte, mume wangu yuko wapi?"

"Mume gani tena, mwanangu? Si ulimkataa?"

"Nani kamkataa?"

"Alisema kakuuliza mara mbili, ukanyamaza. Alhamisi yake akaondoka na mama yake."

"Sikunyamaza! Niliinua..." Navarana akashika paji la uso. "Niliinua nyusi, Mama. Kwenye simu."

Mama Benedikte hakucheka. Alimkalisha kwenye kigoda chake, akampa kahawa katika kikombe chake mwenyewe, akamwandikia namba ya dada yake Inuteq.

Navarana akapiga pale pale, akapokea Inuteq mwenyewe. Navarana akamweleza yote. Upande wa pili kulisikika kicheko kifupi, kisha kwikwi.

"Mjinga wewe," Inuteq akasema. "Na mimi mjinga zaidi. Ningengoja Jumapili moja tu."

"Rudi basi."

"Mama alipooza tulipofika. Hasemi, anashika mkono wangu tu. Daktari amesema hawezi kupanda ndege tena."

"Basi nakuja mimi."

"Na wa kwetu nani atawaambia barafu ipi itawabeba? Kila mwaka wanakungoja wewe. Wageni hawawasikilizi."

Navarana alijua majina ya wawindaji wale, na ya watoto wao.

"Basi nitakusubiri."

"Usinisubiri, kipenzi. Ukinisubiri, utakuwa unasubiri mama yangu afe. Na mimi kila nikimlisha nitajua kwamba unasubiri."

Sokoni watu walikuwa wakibishana bei ya samaki. Navarana akaziangalia glavu zilizokuwa mapajani mwake, mishono midogo midogo, iliyonyooka.

"Sitakusubiri," akasema.

"Ahsante."

"Mlishe pole pole. Hapendi supu ya moto."

"Najua," akasema Inuteq. "Ndiyo kwanza inapoa."