Moto Hauli Risasi

Mama Matunda hakuwa mvivu wa kuchemsha maji. Kila asubuhi, kabla ya kumenya maembe na machungwa ya kuuza, alibandika sufuria la maji ya kisima na kuyaacha yachemke mpaka yapungue nusu.

"Wengine mnachemsha kwa maneno," aliwatania majirani. "Mimi nachemsha kwa moto."

Hata hivyo, binti yake alikuwa anafifia. Zamani alisema hata usingizini, ndiyo maana baba yake alimwita Kasuku. Sasa tumbo lilimuuma mara kwa mara, na herufi alizozijua zilimtoka. Mama akazidi kuchochea moto. Alikuwa na mimba changa, akawahofia wote wawili.

Mwishowe alimpeleka Kasuku zahanati, akapimwa damu. Majibu yalipotoka, mhudumu wa afya aliyaleta nyumbani mwenyewe, akapima na maji ya kisima. Kando ya kisima ndipo baba, fundi wa betri, alipoyeyushia risasi, metali ya ndani ya betri mbovu, na kumwaga maji ya betri hizo mchangani.

"Damu ya mtoto ina madini ya risasi," alisema mhudumu. "Maji haya pia."

"Lakini nachemsha, dada! Mpaka yanabaki nusu!"

Mhudumu alishusha sauti. "Moto unaua vijidudu. Risasi si kijidudu, haifi. Maji yakipungua, yenyewe inabaki yote sufuriani. Ukichemsha hivyo, unaikoleza."

Mama Matunda aliketi sakafuni. Kumbe mikono yake mwenyewe!

"Ni mimi niliyeimwaga," alisema fundi.

"Na ni mimi niliyemnywesha."

Hakuna aliyeweza kumfariji mwenzake.

Siku ileile fundi alifunga karakana. Maji ya kunywa na kupikia wakawa wanayachota kwenye kituo cha kusafishia maji, mbali kidogo. Mhudumu aliona lundo la maganda na kokwa za maembe uani.

"Hizi mnatupa? Zianikeni, mzipeleke kituo cha maji, zitawasaidia kuchuja risasi ya kisimani."

Mtaalamu wa kituo alizichoma ndani ya pipa lililofungwa, hewa isiingie, zikawa mkaa. Kisha akautia dawa, akauchoma tena na kuuosha vizuri.

"Mkaa huu una vitundu vingi mno," alieleza. "Risasi inanasa humo."

"Si ningetumia tu wa jikoni?" aliuliza Mama Matunda.

"Hautoshi, mama. Na hata huu usiuamini kwa macho. Maji yenye risasi huwa maangavu vilevile. Tutayapima kwanza, na tutaendelea kupima. Mkaa ukichoka, uleteni hapa. Msiumwage shambani."

Waliyachuja maji ya kisima kwa mkaa huo, lakini kipimo cha kwanza kilikataa. Waliongeza mkaa, maji yakapita polepole, na safari hii yakafaa. Ndipo wakaanza kuyanywa.

Tumbo la Kasuku likatulia. Risasi ikapungua katika damu yake.

"Na maneno yake?" mama alimuuliza mhudumu wa afya.

"Mengine yatarudi. Yote, sijui. Siwezi kukudanganya, dada."

Mtoto alizaliwa mzima, na kipimo chake kikawa kizuri. Mama Matunda alilia kwa furaha, kisha akalia kwa uchungu, asijue kilio kipi kimeishia wapi. Kasuku alisogea kitandani, akamtazama mdogo wake. Midomo yake ilicheza, ikitafuta neno. Mama alilijua neno lile. Akajizuia, akamngoja.

Neno halikuja. Kasuku akamshika mtoto mkono.