Barua Kupitia kwa Karani

Saa tatu na nusu kila asubuhi, akimaliza kuosha vyombo vya chai, Zipporah alipanda ghorofani na kitambaa chake kupangusa vumbi la Mwingereza.

Mwingereza mwenyewe alikwisha kufa zamani, na Zipporah hakumsikitikia. Aliyemfuga mpaka leo alikuwa baba mwenye nyumba, Fawzi. Marehemu mzazi wa Fawzi alikuwa karani katika ngome moja ya Waingereza kusini mwa Arabuni, huko nyuma ya Aden. Waingereza walipofungasha virago vyao, karani aliibeba ofisi nzima kama mjane anayegombania sufuria: meza, kiti, kengele ya shaba, trei mbili za mbao, hata ile feni ya kitambaa inayoning'inia darini na kuvutwa kwa kamba. Sasa vyote vilipangwa katika chumba kimoja cha nyumba hii ya Al-Safa, Jeddah. Wageni waliletwa kuvitazama kwa sauti za chini, kama watu waliokuja kuzuru kaburi.

Ukutani, katika picha, alisimama mwenyewe. Kaptura pana, miguu myembamba, magoti kama viazi vilivyomenywa.

Fawzi alipenda kueleza jinsi kazi ilivyokwenda huko ngomeni. Kila shida ililetwa kwa barua. Umeibiwa ngamia, andika. Unataka kumzika baba yako ng'ambo ya kilima, andika. Asiyejua kuandika alichapa gumba la kushoto kwa wino wa zambarau, na jina lake likabaki daftarini. Saa nne kamili Mwingereza aliketi, feni ikavutwa, kengele ikalia, wenye nchi wakaingia mmoja mmoja na kusimama mbele yake. Kusimama! Mbele ya mgeni ambaye hata hodi hakupiga.

"Kwenda huko," Zipporah humwambia, akimfuta magoti.

Lakini Jumatatu ile hakuwa na nguvu za kutukana. Fidel, mwanawe wa miaka sita, alikuwa amelazwa Eldoret kwa ugonjwa wa moyo, na madaktari walipanga kumpasua Alhamisi. Kwa wiki mbili mtoto hakuweza hata kusimama. Mkataba wa Zipporah ulikwisha miezi mitatu iliyopita. Kilichobaki ni ruhusa ya kutoka, jambo la kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, kubonyeza simu yake mara mbili. Lakini Ramadhani ilikaribia, na Fawzi hakutaka jikoni kwake kubaki bila mtu.

Alimwomba akiwa anawamiminia kahawa yeye na ndugu yake aliyetoka Riyadh.

"Baba, mtoto anapasuliwa Alhamisi. Niruhusu niende nimshike mkono tu. Nitarudi."

Fawzi alitafuna tende yake taratibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa wafanyakazi.

"Mimi mafi ruhusa, hapana ruhusa, Zipporah. Mimi karani tu, mtoto wa karani. Wewe andika barua, peleka juu kwa bosi mkubwa."

Ndugu yake alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Zipporah akaletewa kitambaa aifute.

Madam, mke wa Fawzi, hakucheka. Jioni alimfuata jikoni, akamtilia mkononi sweta dogo la buluu. "Kwa mtoto," alinong'ona. "Baba asione."

Usiku Zipporah aliandika ile barua. Aliiandika kwa hasira, lakini kwa unadhifu, kama alivyofundishwa na mwalimu Absalom darasa la saba: anwani mbili, tarehe, na YAH: OMBI LA KWENDA KUMWONA MWANANGU FIDEL. Chini ya jina la mkubwa, mwalimu Absalom alitaka pawe na mstari wa mtu ambaye barua inapitia mkononi mwake. Barua isiyo na mstari huo aliirudisha pamoja na kiboko. Basi Zipporah akaandika: KUPITIA KWA: BWANA FAWZI, KARANI. Si alijitaja mwenyewe?

Yote aliyaandika kwa Kiswahili. Kama Mwingereza hakijui, atafute mkalimani.

Jumanne, saa nne kasorobo, aliiweka katika trei ya kushoto. Alijua ni upuuzi. Lakini mama mwenye mtoto kitandani hugonga hata mlango uliochorwa ukutani. Akaanza kufuta madirisha.

Nyuma yake kitu kililia kwa ukali, kama kitanda kikuukuu.

Aligeuka. Kitambaa cha feni kilikuwa kinakwenda na kurudi. Kamba ilikaza, ikalegea. Ikakaza. Hakuna aliyeishika.

Kengele ikalia mara moja.

Zipporah hakukimbia. Alisimama. Baadaye hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kwamba na yeye alisimama.

Feni ikatulia. Barua ilikuwa katika trei ya kulia. Imeandikwa juu yake kwa penseli nyekundu, kwa Kiingereza, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Kiingereza cha darasa la nane kilimtosha kusoma. Mistari miwili.

*Mtoto aletwe nimwone.*

Na pembeni ya jina la Fawzi: *Karani abaki kazini.*

Alishuka ngazi bila kuzihisi. Fawzi alikuwa sebuleni na simu yake.

"Baba, mzaha gani huu? Unamchezea mtoto mgonjwa?"

Fawzi aliichukua barua akitabasamu. Tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yameshaondoka.

"Nani ameandika?"

"Wewe."

"La. Huu mkono mimi najua. Baba yangu acha makaratasi mia ya mkono huu." Aligusa maandishi mekundu kwa kidole. "Mwingereza hapana amini maneno ya mtu. Wewe sema mbuzi mgonjwa, wewe leta mbuzi. Yeye angalia mwenyewe."

"Mtoto wangu si mbuzi!"

Fawzi alibonyeza simu. Akabonyeza tena. Simu ya Zipporah ikatetemeka mfukoni: ruhusa imetoka. Miezi mitatu ya machozi, na kazi yenyewe haikufika dakika moja.

"Halas. Nenda. Yalla, leo leo, shauri liishe."

Juu, kengele ililia.

Fawzi alisimama. Alifunga vifungo vya kanzu mpaka shingoni, akapangusa tende mdomoni, akapanda ngazi kwa adabu. Hakuburutwa na mtu. Alipofika juu aliinamisha kichwa, akaingia. Zipporah alimtazama, na pamoja na woga wote alimdharau. Wako watu wanaozaliwa na kengele masikioni.

Mlango ukajifunga. Feni ikaanza kulia.

Naftali, dereva wa nyumba, alikuwa tayari na begi la Zipporah garini. Ndani yake alitia maji, mkate na shali yake mwenyewe, maana ndegeni kuna baridi. "Mama Fidel, panda," alisema. "Usigeuke."

Njiani Zipporah alimpigia mama yake hospitalini mara kumi na moja. Simu haikushikwa.

Alifika Eldoret Jumatano alasiri. Mama yake, Selipher, alimpokea wodini, amevimba macho.

"Yuko hai," alisema kabla ya kuulizwa. "Lakini jana, mwanangu. Jana nilikwenda kumchotea uji. Nikarudi, kitanda kitupu. Tumemtafuta mpaka chooni. Simu niliitupa sijui wapi. Mara nageuka, huyo amelala pale pale, na shuka limetandikwa."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Na kidogo."

Saa ya Jeddah ndiyo saa ya Kenya. Zipporah alipiga magoti kando ya kitanda, akamkumbatia mtoto, akamvika lile sweta la buluu.

"Ulikwenda wapi, baba yangu?"

Fidel alisogeza mdomo kwenye sikio lake.

"Kwa mzungu. Aliniambia nisimame. Nikasimama."

"Akakufanya nini?"

"Aliniangalia tu. Akaandika."

Alhamisi walimpasua, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mama yake mpaka mlangoni. Alitoka salama. Ijumaa Naftali alituma ujumbe mmoja: baba haendi tena popote asubuhi, yumo mle chumbani, na madam anamwachia chakula mlangoni. Zipporah alisoma, akafuta. Mwingereza na karani wake, wakae wenyewe huko.

Ni muuguzi aliyekiona kwanza, alipokuwa akimwosha mtoto. Aliinua kidole gumba cha kushoto cha Fidel, akacheka.

"Huyu mdogo alipigia kura wapi?"

Kilikuwa na wino wa zambarau mpaka kwenye mstari wa kucha. Waliusugua kwa sabuni, kwa spiriti, kwa mafuta ya taa. Zipporah aliusugua mpaka mtoto akalia, akaacha, akambusu kidole.

Umekaa hapo hadi leo. Mchana mzima ni mkavu, huwezi kuuhisi. Ila ikifika saa nne asubuhi, lolote analoshika Fidel linabaki na alama yake, kwa sababu wino huwa mbichi.