Sauti Nzuri Ndani ya Tangi

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: Kobe alikohoa, na kikohozi kikatoka kizito, cha mwanamume.

Hakikupaswa kuwa hivyo. Kobe alikuwa mzamiaji wa mapango yenye maji, na kwa miaka ishirini alikuwa akitafiti swali moja: mtu anayetoka kilindini apande taratibu kiasi gani ili damu yake isitoe povu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Ndiyo maana wenzake wakampa jina la Kobe. Leo alikuwa akijifanyia jaribio mwenyewe. Alikuwa ndani ya tangi la chuma, amebanwa na hewa kama yuko mita themanini chini ya maji, na hewa hiyo ingepunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa saa tisa. Alivuta hewa iliyochanganywa na heliamu, gesi ya kujazia maputo, ambayo humpa kila mtu sauti ya kifaranga.

Nje, kwenye valvu ya kutolea hewa na simu ya tangi, alikaa dada yake mdogo.

"Kaka, wifi akikusikia atakutupia punje za mtama."

"Angalia geji ya hewa, acha domo," kifaranga kilijibu.

Kisha ikaja sauti nyingine, nzito, safi, sauti ya kaka yake ya kila siku. "Mdogo wangu, nifungulie."

Dada akainamia simu. "Kaka, umesema nini?"

"Sijasema kitu." Kifaranga kilishusha sauti. "Na wewe umeisikia? Juzi pangoni kuna kitu kilinishika mguu, kikapanda nami. Ukifungua sasa, mimi nimekwisha."

Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa dirishani, lakini harufu ya mwamba mbichi na maji yaliyolala ilipenya chuma kisichopitisha hata pumzi, kioo cha tangi kikafunga ukungu, na ile sauti nzuri ikaendelea kubembeleza, ikamwita kwa jina ambalo marehemu mama yao peke yake alilijua, ikalia, ikakwaruza mlango kwa kucha ambazo kaka yake hakuwa nazo, mpaka hasira ikampanda dada kuliko woga.

"Hunipati, mshenzi wewe," alisema. "Humo ndani mtu huongea kama kifaranga. Sauti yako nzuri mno."

Kukawa kimya. Kimya cha mtu anayejifunza.

"Mdogo wangu," kifaranga kikasema, kikikwama kooni, "gesi imechafuka, sipati pumzi. Fungua yote. Nitaugua, lakini nitaishi. Haraka."

Akafungua yote. Hewa ikapiga mluzi, sindano ya geji ikaanguka, na kiganja kikafuta ukungu kwenye kioo kwa ndani. Kaka yake alikuwa amefumba mdomo, anatikisa kichwa, anatikisa, mpaka macho yakajaa damu na kichwa kikaacha kutikisika.

Mlango ulijifungua wenyewe. Kitu chenye baridi kilimpita dada begani, bila haraka.

Simu ya mezani ikalia. Mkono wake ukainyanyua kwa mazoea.

"Wifi, mume wangu anaendeleaje?"

Dada alifungua kinywa ajibu. Aliyejibu alikuwa nyuma yake, kwa sauti ya dada mwenyewe, yenye kicheko chake mwenyewe:

"Mzima kabisa, wifi. Tumemaliza mapema. Njoo umchukue, uje na watoto."