Kichomeo cha Treni ya Babu Harilal

Kila Jumamosi, Komal alipomaliza kufagia duka la vifaa la familia yao pale Mbeya mjini, alikimbilia uani. Huko babu yake, Harilal, alikuwa akiunda treni ndogo ya mvuke, fupi kama benchi la darasani lakini yenye nguvu ya kuvuta watoto.

Kilichobaki kilikuwa kichomeo tu, kifaa cha kutoa moto wa kuchemsha maji ya treni. Babu alitaka moto wa oili chafu inayomwagwa na magereji. Walichora na kutoboa vichomeo viwili vikagoma. Cha tatu kiliwapa moyo: oili ilidondoka taratibu, na upepo ukaipuliza ikawa ukungu unaowaka. Leo kingejaribiwa ndani ya treni, na Tumpe, rafiki yake Komal, alikuja kupuliza kwa pampu ya baiskeli.

Lakini baridi ya Julai haina utani. Oili ilikuwa nzito kama uji uliolala.

"Tusubiri jua," alisema Babu, akaingia ndani kunywa chai.

Komal na subira hawakuwahi kupatana. Aliwahi kuwaona mafundi mbao wa jirani wakizimua oili kwa petroli asubuhi za baridi, ili brashi iteleze wanapopaka mbao kuzuia mchwa. Akamimina petroli kwenye kopo la oili, akakoroga, akanyamaza.

Babu aliporudi alifurahi kuona oili inatiririka. Akainama kwenye mlango wa tanuri, akawasha kiberiti.

Moto ulilipuka kwa kishindo, ukamrukia usoni. Tumpe aliangusha pampu. Komal alipigwa na butwaa. Babu yake alisimama mbele yake bila nyusi.

Tumpe alikuwa wa kwanza kuzinduka. Akaleta ndoo ya maji, wakamwagia Babu usoni mpaka maumivu yakatulia.

"Kosa ni langu," Babu alisema. "Nimekosea vipimo. Kitu hiki kitaua watoto wa watu." Akachukua nyundo akivunje.

"Babu, usivunje," Komal alisema huku akilia. "Kichomeo ni kizima. Nilitia petroli."

Nyundo ilibaki hewani.

"Petroli? Ukaniacha niwashe?"

"Nisamehe, Babu."

Babu aliufungia mchanganyiko ule kwenye debe, akauweka mbali. Kisha akamwagiza Komal alete kopo la oili mpya, alipashe kwenye sufuria ya maji ya moto.

"Humu mna nini?" aliuliza.

"Oili tupu, Babu."

Babu aliinama palepale, uso ule ule mwekundu ukiwa mlangoni pa tanuri, akawasha kiberiti. Mwali ulinguruma taratibu, na baada ya muda magurudumu yakaanza kuzunguka.

"Nyusi zitaota," Babu alisema. "Lakini ukibadilisha kitu katika kazi ya watu wawili, sema kabla mwenzako hajainama. Mimi sikuangalia ndani ya kopo, mjukuu wangu. Wala sasa hivi sikuangalia. Nimekusikiliza wewe tu."