Jina la Tano

Waliokuwepo Jumapili ile ya kwanza ya Novemba, katika nyumba yao ya ughaibuni, mtaa wa Auderghem, ni hawa. Papa Polycarpe Lusangi, mwalimu mstaafu, miaka themanini na minne. Binti yake, Cécile Anifa. Aaron, mume wa Cécile. Binti yao, Abigaël Sifa, miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa uuguzi. Patient Kalonda, mtoto wa mdogo wake Papa Polycarpe, aliyefanya kazi katika kiwanda cha magari cha Forest hadi kilipofungwa. Sephora, mke wa Patient. Watu sita, na mlango wa mbele umefungwa kwa ufunguo.

Desturi ya ukoo huo ni hii: kila mwaka, katika siku za kuwakumbuka wafu, mkubwa wao huita majina ya wazee waliotangulia, na aliyerithi jina huitikia kwa niaba ya marehemu. Papa Polycarpe aliita kama alivyowaita wanafunzi wake miaka yote, daftari mkononi. Alipoita Lusangi aliitikia mwenyewe. Anifa, akaitikia Cécile. Kalonda, akaitikia Patient. Sifa, akaitikia Abigaël. Majina manne, yamekwisha. Akafunga daftari.

"Niko," ikasema sauti ya mwanamke kutoka koridoni.

Cécile aligeuka taratibu. "Papa, ile haiko mimi."

"Ni chaudière ya maji ya moto," Aaron akasema.

"Chaudière gani inasema Kiswahili?" Patient akacheka. "Bon, labda ni mufu mwenye kukosa papiers za kukaa huku. Papa mukubwa, umupe rendez-vous."

Wakacheka wote, isipokuwa Papa Polycarpe. Pua yake ilikuwa imenasa harufu ya mihogo iliyorowekwa mtoni siku nyingi, na nyumbani mle hamkuwa na mihogo.

Ukutani, juu ya kabati, ilining'inia medali ya Lusangi, babu wa baba yake. Kila mgeni alionyeshwa. Lusangi alikuwa upande wa Bula Matari, yaani serikali ya wazungu, katika vita vya Waarabu kule Maniema, vita ambavyo kitabu cha shule ya Mapadri kilivimaliza kwa sentensi moja: wema waliwashinda wauza watumwa. Papa Polycarpe aliikariri sentensi hiyo akiwa mtoto, na baadaye akaifundisha. Alijua pia kwamba watu wa kijiji kimoja walilengana kwa bunduki kutoka kingo mbili za mto, na kwamba wengine walihama upande usiku mmoja, walipoona vita vinaelekea wapi.

Jumatatu saa kumi na moja, mwanga ulipokuwa unaondoka madirishani, kitu kiligonga ukuta wa koridoni. Kikagonga tena, mbele kidogo.

Jumatano Abigaël alishuka kwa chakula cha jioni akiwa na skafu shingoni. Mama yake alipoivua, kulikuwa na alama nyekundu pande zote za shingo, ngozi imechubuka.

"Koko," binti akamnong'oneza babu yake, "kuna mutu anapanda ngazi na mimi. Kama nageuka, mutu haiko. Lakini shingo inavutwa."

"Ulale na taa," alimjibu. Jibu la mwoga, naye alilijua.

Siku ya Alhamisi alikaa peke yake sebuleni, akasikia hatua kwa hatua: nyayo zikiburutwa kutoka jikoni, zikija koridoni, na pamoja nazo ule mti, maana sasa alijua kuwa ni mti, mti mrefu kuliko mtu, ambao aliyeubeba hakuweza kuugeuza kwenye kona kwa sababu hakuushika kwa mikono bali ulifungwa shingoni mwake, ukagonga fremu ya mlango, ukarudi nyuma, ukagonga tena, na harufu ya mihogo na tope ikajaa chumba hadi akafumba macho, mzee mzima, akisali sala za utotoni kwa Kifaransa na kuchanganya maneno.

Mwaka 1955 Kalonda, babu yake, alipokuwa anakufa, alimwita yeye peke yake kwa sababu alijua kuandika. "Mama yangu hakuwa Anifa, mke wa Lusangi," alisema. "Alikuwa Mauwa. Lusangi alikuwa nyampara wa misafara ya watumwa, alimteka, akanizaa naye. Bula Matari walipokuwa wanavuka mto kuja Nyangwe, Lusangi alinibeba mgongoni akakimbia. Akamwacha mama na panda shingoni, ule mti wa kufungia watumwa, pale wanaporowekea mihogo, na maji yalikuwa yanapanda. Kufungua zile kamba kungemchelewesha. Kesho yake akaenda kuomba bunduki kwa wazungu. Andika jina lake, mtoto wangu." Polycarpe akaahidi. Lakini daftari lile lilikuwa la shule, na Mapadri wangelisoma; kwao Lusangi alikuwa mmoja wa wale wema. Akaandika: Kalonda, mwana wa Anifa.

Jumamosi mchana Cécile alimleta Mzee Waziri, mtu wa Kasongo, anayeuza vitenge na ubani karibu na Porte de Namur.

"Sisi batu ba prière, ba kanisa, tunaita mwalimu wa Kiislamu?" Aaron akanung'unika.

"Mutoto anazimika, Aaron. Hata akikuja na ngoma, ataingia."

Watu walewale sita walikuwepo. Waziri alimtazama Abigaël shingoni, hakuwasha hata ubani.

"Huyu haiko wa kufukuza," alisema. "Mnaita wenzake kila mwaka, yeye hapana. Donc mumuite. Jina, na aliyemfanyia, na alichomfanyia. Kikifichwa kimoja, mimi sitakuwa nimefanya kitu, na ataenda na huyu mutoto."

Papa Polycarpe alisimama. Aliita manne. Kisha, bila daftari, akaita, "Mauwa."

Mti ukagusa ukuta, polepole.

"Nani alimufunga?" Waziri akauliza.

Mzee aliitazama medali. Akamtazama Patient, ambaye tangu kiwanda kifungwe hakuwa na kitu cha kujivunia ila ukoo. Akamtazama Cécile.

"Waarabu," alisema. "Lusangi alifika, akamkuta amekwisha kufa."

"Niko," akasema Abigaël, akiitikia kwa niaba ya Mauwa.

Harufu ikatoka. Alama ya shingoni ilififia machoni pao, Cécile akapiga vigelegele, Sephora akalia, Aaron akamshika Waziri mikono yote miwili. Waziri hakukaa hata kwa chai. Mlangoni alimuuliza mzee kwa sauti ya chini, "Jina la Lusangi, nani anaitikia?"

"Mimi."

"Haya," Waziri akasema, akavaa kofia yake.

Siku tatu hakukuwa na kishindo. Abigaël alikula, alicheka, alirudi masomoni. Papa Polycarpe hakulala. Jumanne jioni, mjukuu wake akiwa amepanda chumbani kupumzika, alifungua daftari mezani, akafuta jina la Anifa kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika: Kalonda, mwana wa Mauwa, ambaye Lusangi alimfunga na kumwacha

Juu ya dari kitu kirefu kilianguka sakafuni. Akasikia Cécile akikimbia ngazini, kisha akamsikia akiita jina, mara moja, na tena, na hakuna aliyeitikia.

Abigaël Sifa alifariki Jumanne hiyo, saa kumi na moja na dakika tano.